Moshi hautoki kwenye umri wa lori

Jirani yangu wa Mishomoroni, hapa Mombasa, ana lori la Canter la namba KAH, lenye injini ya dizeli ya 4D33, na Jumamosi asubuhi utamkuta chini yake, miguu tu ikionekana, mwanawe akimpokeza spana. Wapita njia humpa salamu, na wengine humwongezea ushauri: liuze skrepu, mzee, ununue la kisasa. Ndio ushauri unaosikika kila panapozungumzwa magari makuukuu mjini. Malori ya zamani ya dizeli yanatuchafulia hewa, breki zake haziaminiki, na wanaoyatengeneza majumbani humwaga oili mitaani. Kwa hiyo yaondolewe kwa kipimo cha umri, na ufundi urudi gereji.

Hoja hizo zina uzito na nitazifikia. Nianze na moshi, kwa sababu ndio unaoonekana na ndio unaohukumiwa kwa haraka.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Injini ya 4D33 ina ujazo wa cc 4,214 na haina turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe. Pampu ya dizeli hupimwa kiwandani ili dizeli isizidi hewa hiyo, kisha skrubu yake hufungwa kwa sili. Huku kwetu sili hiyo ni ya kwanza kukatwa. Dereva anataka kupanda mlima wa Mazeras na tani mbili za ziada, fundi anaizungusha skrubu, pampu inasemekana "imefunguliwa", na kuanzia siku hiyo lori linatapika weusi kila likikanyagwa. Dereva wa kuajiriwa haimuumi, dizeli si yake. Mwenye lori anayeshika usukani mwenyewe anailipia lita kwa lita, kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi, na moshi ule anaujua ni noti zake zinazopaa. Moshi wa samawati ni oili inayopita ringi au valvu. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia silinda, au dizeli inayotoka bila kuwaka. Yote matatu yana chanzo kinachotafutika na kutengenezeka, na nimeyaona kwenye malori yaliyotoka Japani juzi.

Tepeti, zile sehemu zinazosukuma valvu zifunguke, ndizo zinazonifanya nimtetee jirani yangu bila kusita. Injini hii inataka nafasi ya milimita 0.40 kati ya tepeti na valvu, nayo ikiwa baridi. Gereji ya kando ya barabara haina muda wa kungoja baridi hiyo: lori limeingia saa tatu likiwa moto, mwenyewe anataka kuondoka saa tano, basi fundi huseti kwa sikio. Uani, injini imelala usiku kucha. Mzee huizungusha kwa mkono mpaka silinda ya kwanza ifike juu, huingiza fila gegi, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kisha humwachia kijana aivute.

"Inapita, baba."

"Inapita ovyo au inashika?"

"Inashika kidogo."

"Basi kaza nati, na skrubu isizunguke nayo. Pima tena."

Halafu ya tatu, ya nne, ya pili, kwa mpangilio wa kuwaka. Ni kazi ya asubuhi nzima. Hakuna mteja atakayeilipia, na hakuna fundi wa kulipwa kwa kazi atakayeifanya hivyo.

Ila ukiniuliza ni nini kimeua injini nyingi za dizeli Mombasa, sitataja tepeti, wala umri, wala kilomita. Nitataja maji ya kisima.

Bomba la Mzima, linalotuletea maji, lilijengwa miaka ya 1950, na mji umekua mara nyingi kuliko bomba lile. Mfereji ukikauka tunarudi visimani, na visima vyetu vimechimbwa kwenye matumbawe, bahari ikiwa karibu. Maji yake tunayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa lile gamba jeupe ndani ya birika. Hayo hayo ndiyo tunayotia kwenye rejeta. Dereva anasimama, feni inanguruma, anamwita mwenye mkokoteni, ananunua mtungi, anamimina. Kesho tena.

Gamba la birika hujenga vilevile ndani ya injini, kwenye njia nyembamba za maji zinazozunguka kuta za silinda. Chuma kinachotakiwa kupoa sasa kimevaa koti. Chumvi nayo inakula chuma, na kutu iliyobanduka inashuka na kuziba mirija ya rejeta. Injini inaanza kuchemka. Hapa ndipo kosa la pili linapozaliwa, na ndilo linaloniuma zaidi: dawa ya gereji nyingi ni kuing'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, "ili maji yapite vizuri". Maji yanapita kweli. Lakini sasa lori likiwa tupu injini haifiki joto lake, dizeli haiungui sawasawa, moshi mweupe unatoka asubuhi nzima, masizi na dizeli vinashuka kwenye oili, na ringi zinaisha kabla ya wakati. Likipakiwa, linachemka kama kawaida, kwa sababu gamba bado liko pale pale. Baada ya mwaka, gasketi ya silinda hedi inaungua, na anayelipita lori hilo likifuka Buxton anasema: unaona, uzee.

Jirani yangu alipolinunua lori hilo aliifungua koki ya rejeta mbele yangu. Yalitoka maji ya rangi ya turungi, na mwishoni tope zito ambalo kijana alilisugua kati ya vidole na kusema ni kama mchanga. Waliisafisha njia yote mara tatu, wakarudisha thamostati mpya, wakatia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha duka la shemeji yake, ambayo ni maji ya mvuke na hayana chumvi. Watu hudhani kulanti ni dawa ya kuzuia barafu, na barafu Mombasa iko wapi? Kazi yake hapa ni nyingine: inazuia kutu na inayachelewesha maji kuchemka, ikisaidiwa na kifuniko cha rejeta chenye springi nzima. Tangu hapo sijamwona akimwita mwenye mkokoteni kwa ajili ya lori.

Kazi yote hiyo haikuhitaji gereji. Ilihitaji mtu anayelala na lori lake nyumba moja na kuona maji yakipungua kabla hayajaisha.

Sasa upande wa pili, na siupunguzi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. 4D33 iliyotunzwa vizuri kiasi gani bado haina chujio la masizi, na hakuna spana itakayoipa. Moshi usioonekana bado ni moshi. Mwenye watoto wanaosoma kando ya barabara ya Jomvu ana haki ya kutaka injini safi zaidi, na sitamjibu kwa habari za tepeti.

Kinachonitatiza ni kudhani kwamba lori jipya linabaki safi kwa sababu ni jipya. Sheria yetu ya kuagiza magari yaliyotumika inaweka kikomo cha miaka minane, kwa hiyo yanayoshuka bandarini sasa ni ya komonreli, mfumo wa kupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa, yenye kompyuta na mengi yana chujio la masizi. Nozo za Canter kuukuu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, hufunguka kwa shinikizo la baa mia mbili hivi. Komonreli hufikia baa 1,600 na zaidi, kwa matundu membamba mno, na haisamehe tone la maji wala dizeli iliyochanganywa. Dizeli yetu yenyewe imekuwa bora: Januari 2015 kiwango cha salfa kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Mchanganyiko wa mafuta ya taa nao ulikuwa umezidi hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuuondolea faida. Lakini mapipa ya kando ya barabara kuu bado yapo, na maji hayajaacha kuingia matangi. Lori la kisasa likiziba chujio, mwenyewe anaambiwa bei ya jipya, anatafuta mtu wa kulikata na kuizima taa kwenye dashibodi. Baada ya hapo faida ya usasa imebaki wapi?

Kwenye breki nawaunga mkono wakosoaji kwa sehemu kubwa. Hewa ya bahari inakula mabomba ya breki kwa nje, mahali usipopaona, na nguvu ya kusaidia mguu kwenye Canter hizi inategemea pampu ndogo ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta, ambayo wengi huisahau mpaka pedali iwe ngumu kama jiwe. Kubadilisha bomba zima na kutoa hewa uani kunawezekana kwa anayejua. Kuunga bomba lililooza ni kuua watu. Kazi ya pampu ya dizeli nayo ipelekwe kwa wenye mashine ya kuipimia. Nozo isijaribiwe kwa kiganja hata siku moja: dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano, na kidonda kinachoonekana kidogo huweza kuondoka na kidole. Jeki juu ya mchanga wetu bila ubao mgumu chini yake na bila stendi ya pili, sitaki hata kuisikia.

Oili chafu ni aibu yetu, niseme wazi. Nimeona ikimwagwa mtaroni Kisauni, na mvua ya masika inajua njia ya kufika mikokoni ya Tudor. Anayeibadilisha nyumbani hana kisingizio. Beseni na dumu vinatosha, na wapo wanaoinunua kwa kupaka miti ya kujengea isiliwe na mchwa, ingawa ningependa zaidi ikusanywe na kuchakatwa. Mtu akishindwa na hilo tu, nakubali arudi gereji.

Kuhusu kuliboresha lori lenyewe, mengi yanayotamaniwa si ya lazima. Turbo kwenye injini iliyotengenezwa bila turbo huongeza joto ambalo pistoni zake hazikuandaliwa kulibeba. Chujio la kutenganisha maji na dizeli, lenye kikombe cha kuona chini, ni bei ndogo na linaokoa pampu. Ningeanza hapo.

Kwa hiyo, kikomo cha umri? Sheria ya Trafiki tayari inataka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo ukipima moshi kwa mashine na breki kwa roli, na ukapima kweli, utayaondoa malori mengi makuukuu na baadhi ya mapya pamoja nayo, na utaliacha lori la mtu aliyelala chini yake kila Jumamosi. Kikomo cha umri kitaliondoa lake, kimwachie yule aliyekata sili ya pampu mwaka wa kwanza. Canter hizi nyingi ziliunganishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Miritini, na spea zake zinapatikana kwa mkono wa mtu wa kawaida. Kuitupa mali hiyo kwa kuangalia namba ya usajili ni kuwaumiza wanaobeba mawe na mbao za mji huu, na hewa haitakuwa imesafika.

Jumamosi iliyopita nilimkuta jirani yangu akigonga chasisi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kutoka mbele kwenda nyuma, kijana akisikiliza. Chuma kizima kililia. Nyuma ya kabini, upande wa kushoto, palitoa sauti ya debe. Alichukua bisibisi akapasukuma, ikaingia mpaka katikati. Hakusema kitu. Alikwenda ndani akampigia simu mteja wa Mtwapa aliyekuwa akingoja mawe, akamwambia atafute lori jingine. Mchomeleaji anatarajiwa wiki ijayo, na hadi leo ile Canter iko juu ya mawe manne, magurudumu yamefunguliwa.