Impreza iliyoshushwa: urekebishe vyuma au ulipandishe gari?

Mtu anaponunua Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2000 hadi 2007, mara nyingi pesa ya kwanza inakwenda kwenye springi fupi. Gari linashuka sentimita nne au tano, linapendeza, na kwenye barabara iliyonyooka linatulia kuliko zamani. Kisha dereva anaingia kona kwa kasi na pua inakwenda nje. Anaongeza usukani, pua bado inakwenda nje. Akipita shimo katikati ya kona, usukani unamvuta mkono. Hapo ushauri unagawanyika. Wapo wanaosema nunua vifaa vya kurekebisha pembe za mbele, gari libaki chini. Wapo wanaosema lipandishe. Kwa gari la barabarani mimi niko na hawa wa pili, ingawa wa kwanza nao wana hoja nzito.

Impreza inabeba mzigo mbele tangu kiwandani. Injini yake ya boksa imekaa mbele ya ekseli, na takriban asilimia 60 ya uzito iko juu ya tairi za mbele. Sasponsheni ya mbele ni ya MacPherson: shokapu iliyosimama juu na mkono mmoja chini, ule mafundi wanaouita lowa amu. Ni mfumo imara na wa bei nafuu, ila unategemea sana pembe ya huo mkono. Kwenye urefu wa kiwandani, mkono unateremka kidogo kutoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linapanda, mkono unausukuma upande wa chini wa tairi kwenda nje, na tairi linapata kemba hasi kidogo, yaani kichwa chake kinainamia ndani. Ndivyo uso wa tairi unavyobaki chini vizuri. Ukishusha gari, mkono unakaribia usawa na faida hiyo inafifia. Ukipita usawa kwa kiasi fulani, inageuka hasara. Bodi ikilala digrii 3, tairi lililowekwa kemba ya digrii 1 hasi linajikuta limelalia bega lake la nje.

Hasara ya pili haionekani kwa macho. Bodi ya gari hulala ikizunguka kitovu fulani, yaani kitovu cha mlalo, na kwenye MacPherson kitovu hicho kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya hivyo viwili ndio wenzo unaolilaza gari. Kwa hiyo unashusha gari ukitarajia lilale kidogo, kumbe umerefusha wenzo, na sehemu ya ugumu wa springi mpya inaliwa na kazi ya kufidia tu.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe. Gari lisimame kwenye sakafu tambarare, tairi zote chini, bila jeki. Piga magoti kando ya gurudumu la mbele na umulike tochi nyuma ya rimu. Tazama bushi ya ndani ya lowa amu, ile inayoushika mkono kwenye bodi, kisha boljointi ya nje, kiungo cha duara kinachoushika mkono kwenye gurudumu. Boljointi ikiwa imekaa juu kuliko bushi, umeshuka mno. Halafu chora mstari wa chaki kutoka kwenye bega la tairi hadi ubavuni, endesha kona kadhaa mahali salama, na uangalie chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linabiringika juu ya bega, na presha ya upepo peke yake haitaliponya.

Lakini kinachopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mpira wa kizuizi ulio kwenye shokapu. Springi fupi juu ya shokapu ya kiwandani inakula nafasi ya kucheza. Gari likiinama na kulala kwa pamoja, shokapu ya nje inagonga mpira, ugumu unapanda ghafla, na tairi linaachia barabara. Dereva anadhani tairi ni bovu. Impreza zilizoshinda Safari Rally, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilisimama juu na shokapu zake zilikuwa na safari ndefu. Barabara zetu za lami zina matuta na viraka. Hazidai safari ndefu kama ile, lakini zinadai zaidi ya sentimita mbili zinazobaki kwenye gari lililobanwa.

Sasa upande wa pili. Boljointi zenye shingo ndefu zinashusha ncha ya nje ya lowa amu, pembe inarudi karibu na ya kiwandani, na kitovu cha mlalo kinapanda huku gari likibaki chini. Kwa fizikia, hii ni tiba halisi. Whiteline ya Australia inauza seti ya Impreza yenye boljointi pamoja na tairodi endi, yaani ncha za vyuma vinavyogeuza tairi, na huo upamoja una sababu: ukibadilisha boljointi peke yake, mkono na tairodi havitembei tena kwa pembe zinazolingana, na kila tuta litakugeuzia tairi bila wewe kugusa usukani. Gharama yake si pesa tu. Shingo ndefu inabeba nguvu kubwa zaidi ya kupinda, na rimu ndogo zinaweza kugusa. Boljointi feki mahali hapo inaniogopesha. Ikikatika, gurudumu linalala.

Kuna pia hoja ya ugumu, na hapa nakubaliana na wanaopenda springi ngumu kuliko watu wanavyotarajia. Kitabuni, stabilaiza nene ya mbele, chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale, inapunguza mshiko wa mbele. Kwenye MacPherson iliyopoteza kemba, inaweza kuuongeza, kwa sababu inazuia tairi lisilale. Ndiyo maana madereva wawili wanafunga kifaa kilekile na kurudi na majibu yanayopingana.

Hisia ya usukani ni suala jingine, na urefu wa gari una mchango mdogo kuliko inavyodhaniwa. Inatoka kwenye kasta (mwinamo wa shokapu ya mbele kuelekea nyuma), bushi za rak ya usukani, na tairi lenyewe. Tairi likikaribia kikomo, nguvu inayorudisha usukani katikati inapungua kabla mshiko haujaisha. Huo wepesi ndio taarifa ambayo mkono unaisubiri. Bushi zilizolegea zinaimeza. Rimu nazo zinaichafua: ET ni milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wake wa kufungia, hivyo kutoka ET 53 kwenda ET 35, katikati ya tairi imesogea nje milimita 18, na kila shimo linapata wenzo wa kuvuta usukani. Wapo wanaoufurahia mvuto huo wakiamini wanaisikia barabara, kumbe wanayoyasikia ni mashimo tu, na taarifa ya tairi imefunikwa.

Kwa gari la kila siku ningeanza na bushi na boljointi nzima, tairi nzuri, kisha nipandishe gari mpaka libaki chini ya urefu wa kiwandani kwa milimita 20 hivi tu. Baada ya hapo alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi: kemba kati ya digrii 1.5 na 2 hasi, tairi zikitazama mbele sawasawa. Wengi wanaiogopa kemba hiyo wakidhani itakula tairi upande wa ndani, ilhali mlaji mkubwa ni tairi zilizofunguka mbele. Kasta ya ziada kidogo inafaa pia, kwa kuwa inalipa tairi la nje kemba hasi pale tu unapokata usukani.

Anayekimbia kwenye saketi laini, na ana sababu ya kubaki chini, anunue seti kamili ya boljointi na tairodi endi. Kabla ya kufunga apime tairi linageuka kiasi gani likipandishwa na kushushwa, na baada ya kufunga apime tena. Fundi asiye na kifaa cha kipimo hicho asipewe kazi hiyo.