Kalia kiti cha nyuma kabla hujalipia ukumbi

Desemba moja kikundi chetu cha akina mama wabangua korosho kiliita wanunuzi hapa Mtwara mjini. Tulijiandaa miezi minne. Wageni walikuwa 80, wakiwemo wawili waliokuja na basi kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 500, na viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kutoka Tandahimba na Newala. Ukumbi niliuchagua mimi. Nilikwenda kuuona Jumanne saa tatu asubuhi, upepo wa bahari unapita madirishani, sakafu imepigwa deki inanukia, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Meneja akanizungusha. Nikapiga picha, nikaziweka kwenye grupu la kamati, wakajibu "pazuri sana", nikalipa nusu.

Siku ya shughuli, saa nane na robo mchana, mvua ikashuka. Ukumbi ule haukuwa na silingi, juu ni kenchi na bati tupu. Mwenyekiti wetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza bei ya kilo ya korosho nzima nyeupe na kiasi tunachoweza kutoa kwa mwezi. Nilimwona midomo ikicheza lakini sauti haifiki. Kijana wa mitambo akapandisha maiki, spika zikaanza kupiga mluzi. Mnunuzi mmoja, niliyekuwa nimekaa naye safu moja, alichomeka kalamu kwenye waya wa daftari lake, akalifunga taratibu, akatoa simu. Mvua ilikatika baada ya dakika kama 40. Daftari lile halikufunguliwa tena, na msimu ule hakununua kwetu hata kilo moja.

Mwenyekiti wetu alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba ile wiki nzima, jioni, baada ya kubangua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nimepata msimamo tangu siku ile, na nauandika sasa kwa sababu watu wanaanza kutafuta kumbi kabla msimu wa korosho haujapamba moto. Ukumbi wa shughuli ya biashara haukaguliwi kwa picha wala kwa kusimama mlangoni na meneja saa tatu asubuhi, wakati kila jengo la pwani lina upepo mzuri. Nenda saa ileile ambayo shughuli yako itakuwa imefika katikati, na siku ileile ya wiki. Vuta kiti cha safu ya mwisho, kile cha pembeni karibu na mlango, ukae saa nzima.

Anayekaa kile kiti ni nani? Kwenye mikutano yetu ni mkulima aliyechelewa kwa sababu gari la Newala lilimshusha saa tano, au mnunuzi ambaye bado hajaamua kama tunamfaa. Meza kuu wanajulikana, hao hata ukiwaweka chini ya mwembe watasikiliza. Wa nyuma ndio unaowatafuta, na ndio wa kwanza kutoka nje joto likiwazidi.

Ukikaa pale saa nane mchana utayaona ambayo hayakuwepo asubuhi. Jua limehamia madirisha ya magharibi na linaangukia ukuta uleule wa projekta. Feni ya juu inazunguka lakini inapuliza meza kuu tu. Kati ya Desemba na Machi joto letu linapita nyuzi 30, na unyevu wa bahari unalifanya lishike mwilini, kwa hiyo feni mbili kwa watu 80 hazitoshi. Mimi huenda na mwenzangu. Namtuma mbele asome gazeti kwa sauti ya kawaida, bila maiki. Kama pale nilipo sisikii neno kwa neno huku ukumbi ukiwa mtupu, siku ya watu na vikombe vya chai sitasikia kitu.

Mvua ni vigumu kuisubiri. Lakini inua macho. Ukiona bati moja kwa moja, ujue mvua ya masika itakunyang'anya mkutano. Silingi ikiwepo, itazame vizuri: alama za kahawia kama ramani maana yake maji yanapita. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili sikodi ukumbi usio na silingi kwa shughuli ya mchana, hata wakinipunguzia nusu ya bei.

Siku ya wiki nayo ina maana yake. Jumamosi ukumbi wa jirani una harusi au kitchen party, na kuanzia saa tisa wanafungulia muziki. Ijumaa ni siku ya kuheshimu. Sehemu kubwa ya wageni wetu hapa kusini ni Waislamu, na ratiba inayopita juu ya swala ya Ijumaa haiwaheshimu. Kwa hiyo nauliza msikiti uko umbali gani kwa miguu, na kama kuna bomba la kutawadhia na chumba safi cha wanawake kuswalia. Nimeona kumbi nzuri za gharama kubwa ambazo akina mama walitandika kanga zao kwenye korido. Mwenye ukumbi anayetaka biashara ya mikutano katika mji huu aandae chumba hicho, hakigharimu zaidi ya yale mapambo ya jukwaani.

Nije kwenye jenereta. Kila mahali utaambiwa "lipo". Usiridhike na jibu hilo, omba liwashwe ukiwa palepale, huku umeshika saa. Mahali fulani tulisubiri dakika 22 kwa sababu ufunguo alikuwa nao bwana mmoja aliyekuwa Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Lilipowaka, taa ziliwaka na soketi mbili za jukwaani, feni zikabaki zimelala. Muulize mwenyewe linabeba nini na nini, dizeli ananunua nani, na limewekwa wapi, maana moshi ukiingia dirishani hutafurahia umeme wako.

Sisi wa korosho tuna kipimo chetu kingine, na naona kinafaa kwa yeyote anayeonyesha chakula. Nachukua kiganja cha korosho zilizokaangwa siku ileile, naziweka wazi kwenye kisahani pale tutakapoweka meza ya maonyesho, nakaa. Baada ya saa moja natafuna moja. Ikivunjika kwa mlio, hewa ya ukumbi ni nzuri. Ikinywea mdomoni kama mkate wa jana, bidhaa yangu itaonjwa ikiwa imelainika na mnunuzi atadhani hatujui kukaanga. Hapo naomba meza ihamishwe, au naleta mitungi ya kioo yenye mifuniko, au naondoka.

Kuhusu idadi ya watu, usiamini namba uliyotajiwa mpaka ujue imehesabiwaje. "Watu 300" kwa kawaida ni viti vimebanwa mistari mitupu, bila meza. Pima mwenyewe kwa hatua. Ukumbi wa mita 10 kwa 15 ni mita za mraba 150. Mistari ya viti inahitaji kama mita moja ya mraba kwa mtu, meza za duara zinataka moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo palepale wanapokwambia 150 utakaa na watu 75 hadi 100 wakiwa na meza. Na bado hujatenga njia ya chakula.

Maneno ya meneja nayasikiliza, lakini anayeujua ukumbi ni mlinzi na mama wa usafi. Mara moja nilimkuta mzee mmoja getini, nikamwamkia, nikamuuliza tu, "Mzee, shughuli ya mwisho hapa iliendaje?" Akasema, "Mwanangu, maji yalikata saa sita. Tulibeba ndoo mpaka jioni." Meneja alikuwa ameshanionyesha matangi mawili makubwa nyuma ya jiko, na ni kweli yapo. Hakuniambia kama yana maji. Tangu hapo nafungua mabomba ya vyooni mwenyewe, yote, nahesabu vyoo vya wanawake, natazama kama kuna ngazi ambazo mzee wa magongo hawezi kuzipanda. Sihitaji kueleza zaidi.

Intaneti nayo si anasa tena. Minada ya korosho sasa inaendeshwa kwenye mfumo wa kidijitali wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wetu wanafuata bei kwenye simu wakiwa wamekaa mkutanoni. Kaa kile kiti cha nyuma ujaribu laini ya kila mtandao, kwa sababu kuta nene zinaua mawimbi. Na hata hivyo uwe na karatasi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti, siku chache tu baada ya mvua za kimbunga Hidaya kukata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Lindi. Mwezi ule angekuwepo mtu na shughuli, wageni wake wasingefika na wala wasingejiunga kwa video. Ndiyo maana kwenye mkataba nadai kipengele cha kuahirisha bila kupoteza amana yote. Wenye kumbi wengi wanakubali ukiomba kabla ya kulipa. Ukishalipa, hawakubali.

Mkataba uandikwe: viti vingapi, saa ya kuingia na kutoka, kodi ya serikali ikiwa ndani ya bei au nje, risiti ya EFD, ile ya mashine. Yanachosha lakini yanachukua dakika kumi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye muda, na kwamba kuanzia Oktoba kumbi na nyumba za wageni zinajaa wanunuzi, mtu unachukua unachopata. Nakubali zinajaa. Basi kagua Agosti, ulipie Septemba. Kikundi cha akina mama 30 kilichochanga elfu kumikumi kuita wanunuzi hakina fedha ya kurudia mkutano, na kamati iliyopewa fedha hiyo inadaiwa saa moja ya kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Alhamisi hii naenda kuona ukumbi mmoja maeneo ya Shangani. Meneja, kijana mstaarabu, alinishauri, "Mama, njoo asubuhi, jua halijawa kali." Nimemshukuru, nikamwomba anipokee saa nane mchana, na korosho za kisahani nitazikaanga siku hiyohiyo saa sita.