Kaya 384 na deni lisilomo kwenye orodha ya masharti

Chukua tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii kwenye rafu ya maktaba, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kisumu, ruka moja kwa moja hadi sura ya tatu. Si ajabu ukakutana na 384: kaya 384, akina mama 384, vijana 384. Namba hiyo ina chanzo chake. Zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5 mara mbili, halafu ugawe kwa 0.05 iliyozidishwa yenyewe, unapata 384.16. Ni hesabu ya idadi ya watu wa kuhoji, inayofanywa na mtu ambaye hajui tatizo limeenea kiasi gani, kwa hiyo anakisia nusu kwa nusu. Wengine huongeza asilimia kumi kufidia watakaokataa kuhojiwa, wakafika 423.

Ninaianza hapo kwa sababu mjadala wetu kuhusu masharti ya kumaliza shahada hii umebaki kuwa wa urefu wa safari. Wenzetu wa biashara wamevaa joho, sisi bado tunasubiri barua. Basi wapo wanaotaka tasnifu iondolewe kabisa: mtu asome kozi, afanye mtihani na mradi mdogo, arudi wilayani kazini.

Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu inataka uzamili ufikishe krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,800 kwa jumla. Kwenye karatasi zinatosha. Lakini saa hizo hazihesabu kusubiri. Ukishatetea pendekezo lako mbele ya idara, unaomba idhini ya maadili, kisha zinaanza barua. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, naye anamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Inashuka kwa mtendaji wa kata, mwisho kwa mwenyekiti wa mtaa; wangu alinigongea muhuri juu ya goti lake, kwenye benchi la nje ya duka la dawa. Safari hiyo ilinila wiki tano, na mbili kati ya hizo barua ilikuwa imelala mezani kwa mtu aliyekwenda likizo.

Sitaki kuibeza idhini ya maadili hata hivyo. Kule Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa ili ionekane ugonjwa utawafanya nini, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaponya. Anayesema mwanafunzi hana madhara, anauliza maswali tu, afikirie dodoso la ukatili wa nyumbani linavyosomwa kwa sauti mume akiwa chumba cha pili. Hapo kibali ni kinga ya kweli. Barua nne zinazosema jambo lilelile, hapana.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa tasnifu ni kwamba inafundisha kuiga. Mada ileile ya maarifa, mtazamo na vitendo, dodoso lililorithiwa kwa kaka au dada wa mwaka uliotangulia, mtaa uleule ulio karibu na stendi, na mapendekezo yaleyale: elimu itolewe, serikali iongeze bajeti. Hili ni kweli, na walimu wanalijua. Lakini dawa yake si kufuta tasnifu. Mganga Mkuu wa Wilaya anaishi kwa takwimu. Kila mwezi vituo vinamletea taarifa za MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na asiyewahi kusafisha data zake mwenyewe hatashtuka akiona zahanati imechanja watoto wengi kuliko waliozaliwa. Mimi jicho hilo nililipata kwenye kurudia kuingiza madodoso yangu upya, usiku, baada ya kugundua kuwa msaidizi mmoja alijaza kumi na moja bila kutoka kwenye mgahawa.

Hapo ndipo ningelegeza. Kwa nini kila mmoja alazimike kugonga milango 384? Vitabu vya MTUHA vimejaa maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Data za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 zingeweza kulisha tasnifu nyingi. Kuzitegemea peke yake nako kuna hatari: DHS, mpango wa kimataifa wa tafiti za idadi ya watu na afya uliosaidia tafiti hizo, ulikatiwa fedha na Marekani mapema 2025, na tukaona wazi kuwa kisima hakikuwa chetu.

Kenya imeongeza kamba nyingine. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 unamtaka wa uzamili achapishe angalau makala moja kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu. Kwa nia, sina ubishi: tasnifu inayofia maktaba ni hasara. Kwa matokeo nina shaka. Sharti lenye tarehe ya mahafali nyuma yake linazaa soko, na wenye majarida ya kitapeli, wanaopokea ada Jumatatu na kuchapisha Ijumaa, wanalijua soko hilo kuliko wasimamizi wetu.

Tena makala hiyo ataisoma nani? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu Tanzania, kinataka taarifa ya maendeleo ifike hadi kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya. Inaishia hapo. Kwenye orodha niliyopewa mimi chuoni palikuwa na nakala ngumu, ripoti ya kupima wizi wa maandishi, saini za watahini, hata rangi ya jalada. Kuwarudishia waliohojiwa majibu hakukuwamo.

Mama mmoja, kata ya Mkoa wa Pwani nilikokuwa nauliza habari za vyoo na kuhara kwa watoto, alinikaribisha kigoda kisha akasema: "Mwanangu, walikuja wengine mwaka juzi na karatasi kama hizo. Walisemaje kuhusu sisi?" Sikuwa na jibu. Mtendaji wa kata yake aliomba kitu kidogo kuliko hicho, ukurasa mmoja tu wa matokeo kwa Kiswahili.

Niliupeleka kwa basi miezi kumi na minne baadaye, tasnifu ikiwa imeshajalidiwa kwa herufi za dhahabu. Mtendaji yule alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake aliusoma wote akiwa amesimama mlangoni, akauliza kama ninayo nakala nyingine ya kumpa mwenyekiti.