Kimya ndani ya Otter: nani alaumiwe?

Juni 25, 2015, saa 6 na robo mchana, ndege aina ya DHC-3 Otter, ile yenye maboya ya kutulia majini, iligonga mlima karibu na Ziwa Ella, kusini mashariki mwa Alaska. Rubani na watalii 8 waliokuwa wakirudi mjini Ketchikan kutoka Misty Fjords, eneo la milima na mikono ya bahari, wakafa wote. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kumwonya rubani anapokaribia mno ardhi. Kilikuwa kimenyamazishwa.

Nilimlaumu rubani papo hapo. Lakini marubani wa huko wana hoja nzito. Mchana, sheria inawaruhusu kuruka futi 500 juu ya ardhi; kifaa kimeundwa kidai futi 700. Basi rubani anayefuata sheria, mbingu nyeupe, kila mti anauona, atapigiwa kelele njia nzima. Kutwa kucha king'ora bila moto: sikio linakufa ganzi, mkono unaenda kwenye swichi. Mwaka 2010 karibu na Aleknagik, hukohuko Alaska, Otter nyingine ilianguka ikamuua Seneta wa zamani Ted Stevens na wenzake 4. Nayo kifaa chake kilikuwa kimenyamazishwa. Hapo hatuzungumzii tena uzembe wa mtu mmoja.

Hata hivyo, siku ile ya Ziwa Ella mawingu yalikuwa yameshuka milimani. Njia zilikuwa mbili: ndefu, inayofuata mikono ya bahari, kama dakika 30; na fupi, inayokatiza milima, kama 25. Abiria, waliofika Ketchikan kwa meli ya kitalii, walitakiwa wawe wamerudi melini saa 6:30. Rubani akashika fupi. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilisema alikosea kuendelea kuruka kwa kutegemea macho ndani ya mawingu, ila ikaigusa pia kampuni yake, Promech Air, kwa utamaduni wa kuvumilia safari za hatari na kushindwa kudhibiti hatari za shinikizo la ushindani kati ya kampuni za ndege za watalii.

Husemwa kwamba Alaska bila ndege ndogo haiishi, maana vijiji vingi havina barabara. Kweli, na kwa mgonjwa au barua naikubali hoja hiyo. Kwa matembezi ya watalii siikubali: safari ile ingeweza kungoja mawingu yapande.

NTSB iliitaka mamlaka ya anga, FAA, itafute namna ya kifaa kuwalinda wanaoruka chini bila kuwachosha kwa kelele. Naona hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumwadhibu rubani yeyote kwa swichi.