Mtoto Amechanjwa, Sawa, Lakini Amechanjwa Nini?

Kuna voisi noti inazunguka kwa grupu ya familia, anti mmoja wa hapa Kisumu anasema tusisumbuke na chanjo ya homa ya uti wa mgongo (meninjitisi) hata ikiletwa mlangoni, ati watoto walishamaliza sindano zote kliniki na kitabu kimejaa. Amina zikamiminika. Jameni.

Sasa anti, kwa heshima zote, kitabu kimejaa nini? Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinakinga Hib na nimokokasi, na ni kweli hao wadudu wawili huleta uti wa mgongo, hapo nakupa maksi zako. Lakini mlipuko kama ule wa Pokot Magharibi 2006 ni wa meningokokasi, mdudu mwingine kabisa, sindano hizo hazimgusi.

Na hasira yangu hata si ya anti. Unakaa kwa benchi tangu asubuhi, mtoto ananing'inizwa kwa mizani akilia, nesi anadunga paja la kushoto, anadunga la kulia, anaandika tarehe ya kurudi, "mwingine aingie!" Uliza ile ya kulia ni ya nini uone vile utaangaliwa. Kwani ni siri ya serikali? Sentensi moja tu: hii ya kulia ni ya nimokokasi, inazuia nimonia na aina moja ya uti wa mgongo, si zote. Haya, najua manesi ni wachache na foleni haiishi. Lakini mzazi asipoambiwa, siku ya kampeni ya chanjo atajibu bila hata kudanganya, "wangu ameshachanjwa", na timu itaruka nyumba hiyo.

Burkina Faso walianza chanjo ya meningokokasi aina A mwaka 2010 na leo aina hiyo karibu iishe kwa ule ukanda wa Senegal mpaka Ethiopia, Nigeria nao 2024 wakawa wa kwanza na ile inayokinga aina tano za mdudu huyo. Sisi tuko kwa kitunguu saumu, ati ndiyo kinga. Na msiniambie huu ni ugonjwa wa Turkana na Turkana ni mbali, samaki mkavu wa huko mnamla hapa.

Halafu hii tabia yetu ya kila homa ni malaria. Mtoto ana homa kali, shingo imekaza hawezi kugusisha kidevu kifuani, anakimbia mwanga, anatapika, au ni kichanga utosi umevimba, amelegea na hataki titi, wewe bado uko kemisti unanunua dawa ya malaria? Hospitali, usiku huo huo. Huu ugonjwa unaweza kuua ndani ya saa 24, na kati ya watano wanaopona mmoja hubaki na tatizo la kudumu, kama kutosikia. Daktari akitaka kutoa maji ya mgongo mkubalie, sindano inaingia chini ya pale uti unapoishia, haimlemazi mtoto. Na wakisema mnaoishi naye pia mmeze antibayotiki, mezeni wote, hata yule baba wa "mimi sijawahi kuugua".