Inchi 6 hadi 12, na turubai la mama

Mdogo wangu anaishi Worcester, Massachusetts, na kila Desemba ukoo mzima hapa Moshi hugeuka wataalamu wa theluji. Wiki iliyopita alituma kwenye grupu la familia picha ya utabiri: inchi 6 hadi 12. Kaka akasoma 12 tu. Mjomba akauliza kama paa litahimili. Mama, kule Kibosho, akaanza kusali. Siku ilipofika zikaanguka inchi 3, tena za majimaji, na grupu likalipuka kwa vicheko: "Kumbe hata Wazungu wanadanganywa!"

Mimi nasema hakuna aliyedanganywa. Sisi ndio hatujui kusoma.

Theluji ni hesabu ngumu kuliko mvua. Maji ambayo yangekuwa inchi 1 ya mvua hutoa theluji ya inchi 10 hivi; baridi ikiwa kali, theluji huwa nyepesi kama pamba na kufika 15, hata 20. Joto likizidi kidogo tu, yaleyale maji yanashuka kama mvua na unabaki na tope la barafu. Hapo bado hujauliza dhoruba yenyewe itapita wapi. Januari 2015 jiji la New York liliambiwa litarajie futi 2 (inchi 24) au zaidi, na treni za chini ya ardhi zikasimamishwa usiku. Bustani ya Central Park, katikati ya jiji hilo, ikapata inchi 9.8. Dhoruba ilikuwa imesogea mashariki kidogo, na huko mashariki, Boston ilifukiwa kwa futi 2 kamili. Mtabiri mmoja wa serikali, Gary Szatkowski, aliomba radhi hadharani. Uungwana, lakini kwangu mimi hakuwa na deni.

Wamarekani hutoa taarifa kwa ngazi. Kwanza ya kukaa macho, siku moja hadi tatu kabla: dhoruba inawezekana. Baadaye, wakishakuwa na uhakika zaidi, onyo: inakuja, au imeshafika. Ikiwa ni theluji ya kusumbua tu, wanatoa ushauri. Na sisi tunazo ngazi zetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu, na chini yake huandika mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Nani husoma ile mistari? Tunaona rangi, tunasambaza, mvua isiponyesha Majengo hapa mjini tunatukana, wakati kule Marangu mlimani watu wamelowa chapachapa.

Ajabu ni kwamba mama, aliyekuwa anasali, ndiye anayelielewa jambo hili kuliko sisi wote. Kahawa yake iko kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Wingu likianza kuteremka kutoka mlimani anaacha alichoshika, anavuta turubai la bluu, anafunga kamba pembe nne, anarudi jikoni. Mara nyingi halidondoki hata tone. Anafunua, anageuza kahawa kwa kiganja, maisha yanaendelea. Sijawahi kumsikia akilitukana wingu. Kufunika ni dakika tano. Kahawa ikilowa huota ukungu, na bei unaijua.

Basi nilimwambia mdogo wangu aache kubishana na namba. Beleshi likae ndani ya nyumba, maana ukiliacha kibandani utahitaji beleshi la kulifikia. Tanki la gari lijae, simu zichajiwe, dawa za mtoto ziwepo za wiki nzima. Theluji isipokuja, petroli haiozi. Moja tu nililikazia: kabla ya kuwasha gari lililofukiwa, afukue kwanza bomba la kutolea moshi, kwa sababu likizibwa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, hurudi ndani, na haina harufu. Ni ileile inayoua watu hapa kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi.

Jana ametuma picha nyingine: Jumapili, inchi 4 hadi 8.

"Nane!" kaka akajibu papo hapo.

Mama akatuma sauti, jogoo akiwika nyuma yake: "Mwanangu, beleshi umeshaliingiza ndani?"