Stempu ya pamoja ya Ruvuma si mchezo wa wakusanyaji tu

Taja huku Mtwara wazo la stempu ya pamoja ya Tanzania na Msumbiji, yenye picha ya Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma pale Mtambaswala, na utaulizwa: barua zenyewe ziko wapi? Swali lina uzito. Salamu za kwenda Mueda, ng'ambo ya mto, leo hupita kwenye simu, na stempu nyingi za kumbukumbu huishia kwenye albamu za ng'ambo bila kugusa bahasha.

Ila wengi wanaopinga hudhani ni stempu moja ya kutumika kote. Hiyo tuliwahi kuwa nayo: zile za Kenya, Uganda na Tanzania, zilizokubalika nchi zote tatu. Ya pamoja ni picha moja, matoleo mawili. Kila posta huuza yake, yenye jina la nchi kwa herufi za Kilatini kama utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani unavyotaka, na thamani kwa fedha yake: shilingi huku, metikali kule.

Kufanana huko ndiko kunakoleta shida, na ni shida ya kweli kwetu tunaovuka kila wiki. Barua ya kwenda Pemba (ya Cabo Delgado, si ya Zanzibar) ikitumwa Mtwara kwa stempu ya metikali, huhesabiwa haijalipiwa. Hugongwa herufi T, na mpokeaji hudaiwa. Dawa yake ni rahisi: tarakimu ziwe kubwa, na rangi ya fremu itofautiane, kijani upande mmoja, kahawia mwingine.

Kiwandani zinakochapwa nako kuna mtego. Tarehe 26 Juni 1959 Marekani na Kanada zilitoa stempu ya pamoja ya njia ya meli ya Mto St. Lawrence, senti 4 na senti 5. Ya Kanada ilipita mashineni mara mbili kwa rangi mbili. Karatasi chache zikaingia kichwa chini, maandishi yakapinduka dhidi ya picha. Wakusanyaji walifurahi, mkaguzi bila shaka hakufurahi.

Gharama? Posta huchapa stempu za kumbukumbu hata hivyo. Hapa mchoro mmoja unagawanywa kwa wawili. Nacho kinachochorwa ni mita 720 za daraja lililofunguliwa 2010, juu ya mto wenye Wamakonde kingo zote mbili. Lililobaki la kukubaliana ni pa kusimama mchoraji: akichora akiwa ukingo wetu, Msumbiji itaonekana mbali. Asimame mtoni, chini ya daraja, kiangazi maji yakipungua.